Hasara Kubwa katika Sarafu za Kidijitali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Nidhamu na Udhibiti wa Hatari

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ameunguza akaunti, au amebakiwa na sehemu ndogo ya mtaji wake, na anajiuliza kama arudi sokoni na kwa masharti gani. Hayafundishi namna ya kubashiri bei. Yanahusu kiasi cha fedha ambacho mtu anakiweka hatarini, na mambo yanayomfanya avunje kanuni alizojiwekea mwenyewe.

Nimepoteza sehemu kubwa ya mtaji. Nianzie wapi?

Anza kwa kusimama. Funga kila oda, yaani kila biashara uliyoifungua sokoni, ambayo huwezi kueleza kwa sentensi mbili kwa nini bado iko wazi, kisha usiingize fedha mpya kwenye jukwaa lolote la kununulia na kuuzia sarafu mpaka uwe umefanya hesabu kamili. Hesabu hiyo iandikwe kwenye karatasi na ionyeshe jumla uliyoingiza tangu ulipoanza, jumla uliyoitoa, salio lililobaki, na madeni yaliyotokana na biashara hii, pamoja na yale ya ndugu na marafiki ambayo hayana mkataba. Watu wengi wanajua kwa ufasaha bei waliyonunulia sarafu fulani lakini hawajui jumla ya fedha walizotuma kutoka kwenye simu zao kwa mwaka mzima. Taarifa ya miamala ya M-Pesa au ya benki itakupa jibu, na mara nyingi jibu hilo ni kubwa kuliko ulivyodhani.

Kwa nini kurudisha hasara ni kugumu kuliko kuipata?

Kwa sababu asilimia ya hasara hukokotolewa kwenye mtaji mkubwa, ilhali asilimia ya faida ya kuirudisha hukokotolewa kwenye mtaji uliokwisha kupungua. Aliyepoteza asilimia 20 anahitaji faida ya asilimia 25 ili arudi alipokuwa. Aliyepoteza asilimia 50 anahitaji asilimia 100, aliyepoteza asilimia 80 anahitaji asilimia 400, na aliyepoteza asilimia 90 anahitaji asilimia 900. Bitcoin yenyewe ilishuka kutoka karibu dola 69,000 mnamo Novemba 2021 hadi chini ya dola 16,000 mnamo Novemba 2022, na ikachukua hadi Machi 2024 kurudi kwenye kilele chake cha zamani. Hiyo ndiyo sarafu kubwa kuliko zote katika soko hili. Zipo sarafu nyingi za mwaka 2021 ambazo hazijarudi hata nusu ya safari, na nyingine hazifanyiwi biashara tena.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mtu aliyebakiwa na asilimia 20 ya mtaji wake akijiwekea lengo la kurudisha zote kwa miezi michache, amejilazimisha kutafuta faida ya asilimia 400, na hakuna njia ya kuitafuta faida ya namna hiyo kwa muda huo bila kuchukua hatari itakayomaliza hata ile asilimia 20. Kwa maneno mengine, lengo lenyewe ndilo linaloharibu nidhamu. Ni afadhali kuihesabu hasara kuwa imekwisha, na salio lililobaki kuwa ndio mtaji wote ulio nao.

Mbona baada ya hasara ninafanya maamuzi mabaya zaidi, ilhali nilipaswa kuwa mwangalifu?

Hali hii si udhaifu wako peke yako. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha utafiti ambamo watu waliulizwa wachague kati ya kupoteza 3,000 kwa hakika, au kuingia katika bahati nasibu yenye uwezekano wa asilimia 80 wa kupoteza 4,000 na asilimia 20 wa kutopoteza chochote. Kwa hesabu ya wastani chaguo la pili ni baya zaidi, kwa kuwa linagharimu 3,200, lakini asilimia 92 walilichagua. Swali lilipogeuzwa likawa la faida, wengi walichukua kile cha uhakika. Mtu aliye ndani ya hasara, basi, huvutwa na kamari ambayo angeikataa kama angekuwa anapata faida.

Sokoni tabia hiyo huonekana kwa sura mbili. Ya kwanza ni kuuza haraka sarafu iliyopanda kidogo na kuing'ang'ania iliyoshuka, jambo ambalo Hersh Shefrin na Meir Statman walilieleza mwaka 1985 kwa wawekezaji wa hisa. Ya pili ni biashara ya kisasi: oda inafungwa kwa hasara saa nne usiku, na kabla dakika tano hazijapita nyingine imefunguliwa, kubwa maradufu, bila sababu yoyote iliyokuwapo kabla ya hasara. Kufanya biashara mara nyingi nako kuna gharama yake. Brad Barber na Terrance Odean walipochunguza akaunti za kaya zaidi ya 66,000 nchini Marekani kati ya 1991 na 1996, waligundua kwamba waliofanya biashara kwa wingi zaidi walipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka wakati soko lenyewe lilitoa asilimia 17.9. Hao walikuwa wakinunua hisa, katika soko lililokuwa likipanda, na wengi wao bila mkopo.

Nipumzike kwa muda gani?

Idadi ya siku haina maana kubwa kama haina kazi ndani yake. Ningependekeza usipungue mwezi mmoja, na katika mwezi huo ukamilishe hesabu iliyotajwa hapo juu, upitie oda zako za zamani moja baada ya nyingine, na uandike kanuni utakazorudi nazo. Ukiona kwamba bado unafungua chati kila unapoamka, na kila bei ikipanda unahesabu ungekuwa umepata kiasi gani, muda bado haujatosha.

Nihatarishe kiasi gani katika oda moja?

Kwa mtu anayerudi baada ya hasara kubwa, asilimia 1 ya salio, na si zaidi. Kwanza lazima tuelewane kuhusu maana ya kuhatarisha, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapojichanganya. Kuhatarisha asilimia 1 si sawa na kununua sarafu kwa asilimia 1 ya fedha zako. Maana yake ni kwamba, bei ikifika pale ulipopanga kukubali kuwa umekosea, hasara yako iwe asilimia 1 ya salio zima.

Tuchukue akaunti yenye shilingi 600,000. Asilimia 1 ni shilingi 6,000. Unataka kununua Bitcoin kwa dola 60,000, na kwa namna unavyoisoma chati, bei ikishuka hadi dola 57,600 sababu yako ya kununua itakuwa imekufa. Umbali kutoka bei ya kununua hadi kikomo cha hasara ni asilimia 4. Gawanya 6,000 kwa 0.04, upate 150,000. Kiasi hicho ndicho cha kununua, na shilingi 450,000 zinabaki zilipo. Kama kikomo kingekuwa mbali zaidi, tuseme asilimia 10, ungenunua kwa shilingi 60,000 tu. Ukubwa wa oda hutokana na umbali wa kikomo, hautokani na jinsi unavyoliamini wazo lako. Usisahau makato: kwenye jukwaa linalotoza asilimia 0.1 kwa kununua na asilimia 0.1 kwa kuuza, oda hii itagharimu kama shilingi 300, ambazo ni asilimia 5 ya kile ulichohatarisha. Anayefungua oda kumi kwa siku anamlipa mwenye jukwaa kabla hajajilipa mwenyewe.

Sababu ya kung'ang'ania asilimia 1 ni mfululizo wa hasara. Mtu anayeshinda nusu ya oda zake, akifungua oda 200, ana uwezekano wa takriban nusu wa kukutana na hasara saba zilizofuatana mahali fulani katika safari hiyo, hata kama hakuna kosa lolote alilofanya. Akihatarisha asilimia 1 kila mara, hasara hizo saba zitapunguza akaunti kwa chini kidogo ya asilimia 7. Akihatarisha asilimia 5, atapoteza asilimia 30. Akihatarisha asilimia 10, zaidi ya nusu ya akaunti itakuwa imekwenda, na hapo atarudi kwenye swali la pili la ukurasa huu.

Mtaji wangu ni mdogo. Faida ya asilimia 1 au 2 itanisaidia nini?

Haitakulipia kodi ya nyumba, na ni vyema kulikubali hilo mapema. Akaunti ya shilingi 600,000 inayoendeshwa vizuri sana haiwezi kumlisha mtu, na anayeilazimisha imlishe atalazimika kuhatarisha kiasi ambacho kitaimaliza. Mtaji hukua kwa mshahara, kwa mazao, kwa duka, kwa kazi nyingine yoyote yenye kipato, na biashara ya sarafu ikipewa nafasi iwe ni sehemu ndogo pembeni. Wanaotangaza kwamba walianza na dola 50 wakajenga nyumba wanaonyesha nyumba, lakini hawaonyeshi taarifa ya akaunti.

Je, levereji, yaani kufungua oda kubwa kwa mkopo wa jukwaa, ina nafasi yoyote katika mpango wa kurudi?

Hapana. Nalisema hili bila kuzungusha kwa sababu, kwa kadiri ya hasara zinazosimuliwa na watu, wachache sana waliofilisika kwa kununua sarafu kwa fedha taslimu na kuiacha. Wengi walifilisika kwa mkopo wa jukwaa kwenye mikataba ya fyucha, yaani mikataba ya kubashiri bei bila kumiliki sarafu yenyewe.

Tazama jinsi unavyofanya kazi. Una dhamana, yaani fedha zako mwenyewe ulizoweka, ya shilingi 200,000 na umefungua oda yenye levereji ya mara 20, kwa hiyo oda yako ina thamani ya shilingi milioni 4. Bei ikienda kinyume nawe kwa asilimia 5, umepoteza shilingi 200,000, yaani dhamana yote. Kwa kweli jukwaa halisubiri ifike hapo. Lina kiwango cha chini cha dhamana ambacho lazima kibaki, na dhamana ikishuka chini yake, mfumo wenyewe unaifunga oda yako kwa nguvu, mara nyingi kwa ada ya ziada. Bitcoin kusogea asilimia 5 ndani ya siku ni jambo la kawaida, na sarafu ndogo husogea hivyo kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Unaweza kuwa sahihi kuhusu mwelekeo wa wiki nzima, lakini ukawa umetolewa nje siku ya Jumatatu.

Gharama nyingine isiyotajwa sana ni ada ya ufadhili ya mikataba isiyo na tarehe ya mwisho. Kwenye majukwaa mengi hutozwa kila baada ya saa nane, na kwa saa za Afrika Mashariki huangukia saa tisa usiku, saa tano asubuhi na saa moja jioni. Ikiwa asilimia 0.01 kila mara, inaonekana si kitu. Lakini inatozwa kwenye thamani ya oda, si kwenye dhamana yako. Kwa siku 30 inafika asilimia 0.9 ya shilingi milioni 4, yaani shilingi 36,000, ambazo ni asilimia 18 ya dhamana yako ya shilingi 200,000. Bei inaweza isisogee hata kidogo mwezi mzima, nawe ukawa umepoteza karibu moja ya tano ya fedha ulizoweka. Siku ambazo soko lina shauku kubwa, ada hiyo hupanda mara kadhaa.

Wasimamizi wa masoko ya nje wamelitazama jambo hili kwa makini. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha mara 2 kwa mikataba ya tofauti ya bei ya sarafu za kidijitali (ambayo mtu hulipwa au hulipa tofauti ya bei bila kumiliki sarafu) kwa wawekezaji wa kawaida mwaka 2018, na Uingereza ikapiga marufuku kuwauzia wawekezaji wa kawaida mikataba ya aina hiyo kuanzia Januari 2021. Huku kwetu mtu mwenye simu anapewa mara 100 bila kuulizwa swali.

Niliweka kikomo cha hasara lakini nilipoteza zaidi ya nilivyopanga. Ilikuwaje?

Kikomo ni agizo la kuuza, na agizo la kuuza linahitaji mnunuzi. Usiku wa Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2025, baada ya Rais Donald Trump kutangaza ushuru mpya wa asilimia 100 kwa bidhaa za China, soko liliporomoka kwa kasi ambayo ilifunga kwa nguvu oda zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 19 ndani ya saa 24. Kwa Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa kama saa sita usiku, watu wengi wamelala. Baadhi ya sarafu ndogo zilipoteza zaidi ya nusu ya bei kwa dakika chache, wanunuzi wakiwa wamejiondoa. Katika hali kama hiyo agizo lililowekwa kwa asilimia 4 linaweza kutekelezwa kwa asilimia 15, kwa kuwa hapo ndipo mnunuzi wa kwanza alipopatikana.

Tambua pia kwamba majukwaa mengi yana aina mbili za agizo hili. Moja huuza kwa bei yoyote ya soko mara kikomo kinapoguswa. Nyingine huuza kwa bei uliyoitaja tu, na bei ikiruka chini yake kwa ghafla, agizo linabaki bila kutekelezwa nawe unaendelea kushuka pamoja na soko. Kwa anayetaka kutoka, ile ya kwanza ni salama zaidi, ingawa bei yake haipendezi. Vyovyote iwavyo, ulinzi wa kweli dhidi ya usiku wa namna ile ni kutokuwa na oda kubwa wala mkopo. Aliyenunua kwa shilingi 150,000 katika akaunti ya 600,000, hata kama angetolewa kwa asilimia 15, angepoteza shilingi 22,500, na kesho yake angekuwa bado na akaunti.

Bei imeshuka sana. Je, si wakati mzuri wa kuongeza ili wastani wa bei yangu upungue?

Sarafu ya Luna ilikuwa karibu dola 80 mwanzoni mwa Mei 2022. Mfumo wake ulitegemea sarafu nyingine, UST, ambayo ilipaswa kubaki dola 1 kwa kubadilishwa na Luna mpya. UST ilipopoteza thamani, mfumo ukachapisha Luna bila kikomo kuwalipa waliokuwa wakitoka. Aliyenunua kwa dola 30 aliona amepata punguzo. Aliyenunua kwa dola 1, siku chache baadaye, aliona punguzo kubwa zaidi. Kabla ya katikati ya mwezi bei ilikuwa sehemu ndogo sana ya senti. Sarafu iliyoshuka asilimia 90 ni sarafu iliyoshuka asilimia 80, kisha ikapoteza nusu ya kilichobaki.

Kuongeza kunaweza kuwa sehemu ya mpango ikiwa kuliandikwa kabla ya kununua mara ya kwanza, kwa kiasi na kwa bei, na jumla ya hatari ikabaki ndani ya asilimia 1. Kuongeza kunakoamuliwa wakati skrini ni nyekundu ni njia ya kuahirisha kukubali hasara.

Nina sarafu kumi tofauti. Je, sijatawanya hatari?

Umetawanya majina. Bitcoin ikianguka, karibu zote huanguka pamoja nayo, na kwa kawaida huanguka zaidi. Ukihatarisha asilimia 1 katika kila moja kati ya oda kumi zinazotegemea soko kupanda, umehatarisha kitu kinachokaribia asilimia 10 katika wazo moja. Weka kikomo cha jumla pia: hatari ya oda zote zilizo wazi kwa pamoja isizidi asilimia 3. Kutawanya kwa kweli ni kuwa na akiba iliyo nje kabisa ya soko hili, kama vile hati fungani za serikali, hisa, kiwanja au fedha benki.

Kanuni nazijua, ila nazivunja. Nifanyeje?

Usiitegemee azma ya moyoni peke yake, maana inachoka. Soko la hisa la Nairobi au la Dar es Salaam hufungwa alasiri, na mwisho wa wiki hakuna biashara. Muda huo wa kufungwa humpa mtu nafasi ya kupoa hata kama hakuiomba. Soko la sarafu za kidijitali halifungwi kamwe, kwa hiyo ni lazima ulifunge mwenyewe.

Chukua hatua zinazofanya kosa liwe kazi ngumu. Acha kwenye jukwaa sehemu ya mtaji unayoihitaji kwa oda zako tu, na iliyobaki ihamishie mahali ambapo kuitoa kunachukua siku, si sekunde. Zima mikataba ya fyucha kwenye mipangilio ya akaunti kama jukwaa linaruhusu. Ondoa programu ya jukwaa kwenye simu, ufanye biashara kwa kompyuta na kwa saa ulizopanga. Weka kikomo cha siku: oda mbili zikifungwa kwa hasara, umemaliza hadi kesho, hata kama ya tatu inaonekana kuwa ya dhahiri. Weka pia kikomo cha mtaji, kwamba akaunti ikishuka asilimia 10 tangu uliporudi, hatari kwa kila oda inapungua hadi nusu asilimia, na ikishuka asilimia 15 unasimama kwa mwezi. Na kuwe na mtu mmoja anayeiona taarifa ya akaunti kila mwisho wa mwezi, awe mke, mume, dada au rafiki. Si lazima ajue chochote kuhusu chati. Inatosha ajue kiasi kilichokuwapo na kilichopo.

Daftari la biashara liandikweje?

Kwa ufupi, na sehemu yake kubwa kabla ya oda kufunguliwa. Mfano: "Jumanne, saa mbili usiku. Bitcoin, nimenunua kwa dola 60,000. Kikomo dola 57,600. Kiasi 150,000, hatari 6,000. Sababu: bei imegusa mara tatu eneo hili bila kulivunja. Nitatoka kwa faida dola 64,800. Hali yangu: nimetulia, sijapata hasara leo." Baada ya kufungwa, ongeza mstari mmoja tu: je, nilifuata nilichoandika? Oda iliyoleta faida kwa kuvunja kanuni iandikwe kama kosa. Baada ya oda 50 utakuwa na taarifa za kukuonyesha kama una uwezo wowote katika biashara hii. Mara nyingi daftari huonyesha kwamba sehemu kubwa ya hasara ilitokana na oda chache zilizofunguliwa usiku wa manane au mara tu baada ya hasara nyingine.

Je, naweza kukopa kidogo ili nianze upya?

Usikope, iwe kwa benki, kwa kikoba, kwa programu za simu wala kwa wale wa kausha damu. Mkopo unaotoza asilimia 10 kwa mwezi unakutaka upate faida ya asilimia 10 kila mwezi ili tu usirudi nyuma, na kwa mwaka hiyo ni zaidi ya asilimia 200 ikijumlishwa juu kwa juu. Zaidi ya hayo, mtu mwenye tarehe ya marejesho hawezi kusubiri oda nzuri, anafungua iliyopo. Fedha za ada ya shule na za wanakikundi zina mwenyewe na zina siku yake.

Hatari zote ziko kwenye bei tu?

La. Ipo hatari ya jukwaa lenyewe. Mt. Gox la Japani lilifilisika Februari 2014 baada ya kutangaza kupotea kwa Bitcoin zipatazo 850,000, ambazo takriban 200,000 zilipatikana baadaye. FTX iliomba ulinzi wa kufilisika tarehe 11 Novemba 2022, na mwanzilishi wake Sam Bankman-Fried akahukumiwa kifungo cha miaka 25 mnamo Machi 2024. Wateja wake walianza kulipwa mwaka 2025, kwa thamani ya sarafu zao ilivyokuwa Novemba 2022, soko lilipokuwa chini kabisa. Hakuna kikomo cha hasara kinachokinga dhidi ya hilo, isipokuwa kutoacha jukwaani fedha usizozitumia. Anayehamishia sarafu kwenye pochi yake mwenyewe ayaandike maneno ya siri ya kuifungulia pochi hiyo kwenye karatasi, kamwe asiyapige picha.

Kisheria hali inabadilika. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayogawa usimamizi kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Tanzania, ambako Benki Kuu ilitoa tahadhari mnamo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kisheria, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kupitia Sheria ya Fedha ya 2024. Kutozwa kodi, hata hivyo, si sawa na kulindwa: ukidhulumiwa na jukwaa lisilo na ofisi wala leseni nchini mwako, pa kushtaki ni pachache.

Kuna mtu amenitumia ujumbe kwamba anaweza kunirudishia fedha nilizopoteza. Nimwamini?

Usimwamini. Atajiita mtaalamu wa kufuatilia miamala, wakili au ofisa wa upelelezi, ataonyesha picha za watu waliosaidiwa, kisha ataomba ada kidogo ya kufungulia faili, na baada yake ada ya kodi, na baada yake ada nyingine. Mara nyingi majina ya waliotapeliwa huuzwa kwa matapeli wengine, ndiyo maana amekupata. Vikundi vya siginali, vya kuwaambia watu wanunue au wauze lini, vinavyoahidi kukurudisha kwenye faida kwa wiki mbili viko katika kundi hilohilo, hata pale ambapo kiingilio ni bure, kwa kuwa mara nyingi mwenye kikundi hulipwa na jukwaa kwa kila oda unayofungua.

Nitajuaje kwamba napaswa kuacha kabisa?

Kuna dalili ambazo hazihitaji mjadala: unaficha hasara nyumbani, unakopa ili ufungue oda, umetumia fedha zilizokuwa na kazi nyingine, unaamka usiku kutazama bei, au umejiahidi kuacha zaidi ya mara moja ukashindwa. Hizi ni dalili za uraibu wa kamari, na mahali pake ni kwa mshauri nasaha au daktari. Mwenye mawazo ya kujidhuru kwa sababu ya hasara amwambie mtu leo, kabla ya kufanya hesabu yoyote ile.

Bila dalili hizo, kipimo ni daftari. Oda 100 zilizofunguliwa kwa kanuni zilezile, kwa hatari ya asilimia 1, zikionyesha hasara baada ya makato, zinakuambia kwamba njia yako haifanyi kazi, hata kama umeifuata kwa nidhamu kamili. Anayetaka kubaki na sarafu hizi bila kuzifanyia biashara anaweza kununua kiasi kidogo cha Bitcoin kila mwezi kwa fedha taslimu, kiasi ambacho kikipotea chote hakitabadilisha chakula wala ada ya mtoto, na akaifunga ile akaunti ya fyucha.